Kiti cha Malachy

Keady, Armagh
20 Februari 1994

Mdogo wangu Fintan,

Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na Rosaleen na watoto. Sisi huku tunakwenda hivyo hivyo. Baridi ya mwaka huu inakata masikio. Mama hajatoka nje tangu Krismasi, miguu imemvimba, lakini ulimi wake mzima kabisa. Paa la kanisa linavuja upande ule tunaokaa sisi, na padri anasema tuliombee. Ng'ombe wawili wamezaa, yule mwekundu bado.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Juzi mimi na Mama tulikuwa tunakunywa chai, televisheni imewashwa. Wakaonyesha New York, hoteli kubwa, na Malachy Rafferty anaingia amevaa suti, wapiga picha wanamkimbilia. Kumbe serikali yenu imempa viza. Mama akakaza macho, akasema, "Huyo si mtoto wa Bridie, aliyekuwa akituibia matufaha?" Nikamwambia ndiye. Akasogea karibu na kioo, akasema, "Na anayemfungulia mlango ni Fintan wetu." Nikatazama, nikakuona. Umenenepa.

Usidhani nimekasirika. Najua chama chenu cha wajenzi kinajitahidi mambo ya huku yaishe, na nani asiyetaka yaishe? Lakini wewe unajua, na mimi najua, na Keady nzima inajua ingawa hakuna anayefungua mdomo, kwamba Malachy ndiye aliyekuwa mkubwa wa Vijana, hao wapiganaji wa upande wa Wakatoliki, hapa kwetu mwaka ule Fergal wangu alipotoka kwenda kwenye dansi asirudi. Hawajawahi kusema walimuua. Hawajawahi kusema hawakumuua. Ila dukani wanawake wenzangu waliacha kunisalimia, maana ilienezwa kwamba mwanangu alikuwa akipeleka maneno polisi. Maneno gani? Alimpenda Hazel, na Hazel ni Mprotestanti, tena binti wa sajenti wa polisi. Huku hilo lilitosha.

Fintan, siombi mtu afungwe. Mume wangu Peadar alikufa huku bado anapekua mitaro ya watu na fimbo mkononi. Mimi nataka mifupa tu, niilaze karibu na baba yake. Wewe umesimama naye mlango mmoja. Muulize neno moja: yuko wapi?

Mama anakusalimu. Anasema upunguze siagi.

Dada yako,
Dympna


Woodside, New York
11 Aprili 1994

Dada mpendwa,

Barua yako niliipata, na nisamehe kwa kuchelewa kuijibu. Sote hatujambo. Binti yetu Nuala amepata kazi benki, sasa anatusemesha kama sisi ni wateja wake. Nimetuma soksi za sufu kwa ajili ya miguu ya Mama. Mwambie asiziweke kabatini.

Dada, mimi ni fundi matofali, si mwanasiasa. Lakini miaka niliyokaa kwenye chama imenifundisha jambo moja: mgomo haumalizwi kwa kuzungumza na ambao hawakugoma. Huko kwenu wamekuwa wakiwaketisha mezani watu wema, wenye tai, ambao hawajawahi kurusha hata jiwe. Wanasaini, wanapigwa picha, na wiki haijaisha mtu anazikwa, kwa sababu mwenye bunduki hakuwa chumbani. Mimi siwapendi Vijana kuliko unavyowapenda wewe. Na wale wenye bunduki wa upande wa Waprotestanti, waliompiga risasi binamu yetu akiwa kwenye gari la maziwa, nao nasema waitwe. Asiyeweza kusimamisha vita hana cha kuweka mezani. Malachy anaweza. Kuna watu huko nyumbani wanaofyatua akisema fyatua, na wataacha akisema acheni. Ndiyo maana nilimfungulia mlango.

Kuhusu lile jambo lako, alikuwa amezungukwa na watu wakati wote. Sikupata nafasi. Ikipatikana nitaona la kufanya.

Msalimu Mama sana. Mwambie siagi nimepunguza.

Ndugu yako,
Fintan


Keady
12 Septemba 1994

Mdogo wangu Fintan,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Viazi vya mwaka huu ni vidogo lakini havina ugonjwa. Mama amezivaa soksi zako kwenda kanisani, akamwinulia kila mtu sketi kidogo ili azione.

Basi imekuwa kama ulivyosema. Vijana wametangaza kusitisha mapigano. Siku ile magari yalizunguka mjini yakipiga honi, bendera zinapeperushwa madirishani, wasichana wamekaa juu ya maboneti. Utadhani wameshinda kombe. Nilikuwa nimetoka kununua mkate, nikasimama kando hadi wapite. Mmoja akanipungia mkono. Sikujua niupunge wangu au niufiche, nikaushika mkate kwa mikono yote miwili.

Jioni ile Hazel alinipigia simu. Unamkumbuka? Sasa ni muuguzi Portadown, ana watoto wawili. Baba yake naye walimlipua ndani ya gari lake, miaka sita baada ya Fergal kutoweka. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Fergal, ananipigia, na katika Keady yote hakuna mwingine anayeikumbuka siku hiyo. Aliniambia, "Dympna, watawaosha uso, watawavisha suti, watatwambia ndio wenye amani." Nikamwambia pengine ndivyo amani inavyokuja. Akasema, "Basi ije nikiwa nimekwisha kufa."

Sasa bunduki zimenyamaza, nafasi ipo. Ulimuuliza?

Dada yako,
Dympna


Woodside
19 Desemba 1994

Dada mpendwa,

Heri ya Krismasi kwako na kwa Mama. Kifurushi kinakuja kwa meli. Blanketi ni la Mama, chai ni yako.

Tumekuwa na shughuli nyingi. Jambo lenyewe bado changa, Dada, mfano wa ukuta ambao chokaa yake haijashika. Ukiuegemea mapema unauangusha. Kila jambo na majira yake. Naomba uniamini.

Ndugu yako,
Fintan


Keady
3 Machi 1996

Fintan,

Sijakuandikia muda mrefu, na wewe umetuma kadi tu, basi tumelingana. Mama alianguka jikoni mwezi uliopita. Hakuvunjika, ila sasa anatembea akishika kuta. Yule ng'ombe mwekundu nimemuuza.

Umesikia ya London, bila shaka uliyasikia kabla yangu. Vijana wamelipua tena. Tarehe ya mazungumzo haikutajwa upesi kama walivyotaka, basi wakataja ya kwao. Watu waliokufa walikuwa na kibanda cha magazeti. Niliona picha za wazazi wao, nikazima televisheni, maana sura zile nazijua, nimekuwa nikiziona kwenye kioo changu.

Sikuandiki ili kukusuta. Ninauliza tu. Ulisema niamini, nami nikakaa kimya mwaka mmoja na zaidi nikiogopa kuuegemea ukuta wako. Sasa mwenyewe Malachy ameusukuma kwa bega. Mimi nilikuwa namngojea nani?

Dympna


Woodside
6 Oktoba 1997

Dada mpendwa,

Nimejaribu kukupigia mara nyingi, Mama hupokea kisha anasahau kukuita. Tunaongea kuhusu matufaha mpaka sarafu zinakwisha. Nasikia sauti yake imepungua. Nitakuja baada ya mwaka mpya, nimekwisha omba ruhusa kazini.

Wameingia, Dada. Vijana wamesitisha tena, safari hii wameketi chumbani hasa, katika jengo lile la Belfast, na wakuu wa serikali mbili. Chama kimoja cha Waprotestanti kimetoka, kinasema hakikai na wauaji. Lakini kingine kimebaki, na wenye bunduki wa kwao wamebaki pia. Watu waliokuwa wakitafutana kwa darubini za bunduki wanagombea mashine moja ya kahawa. Nilimwambia Rosaleen sikutarajia kuiona siku hii, nikalia kama mtoto, mzee mzima.

Najua kimya changu kimekuumiza. Kisome kwa wema kama unaweza.

Ndugu yako,
Fintan


Keady
24 Mei 1998

Fintan,

Asante kwa fedha za jiwe la kaburi la Mama. Limechongwa vizuri, jina lake wamelipatia herufi zote. Wanasema mazishi yalijaa watu kwa Januari yenye barafu namna ile.

Ulikaa nasi siku mbili. Nilikupikia mkate wa magadi, ukaula wote, nikafurahi. Nilikungoja useme. Kila ulipofungua mdomo nikadhani ni sasa, ukauliza habari za jirani. Makaburini Malachy alikuja kukupa pole, mkashikana mikono juu ya shimo la mama yangu, naye akaniinamia kichwa kama mtu anayepita mbele ya altare. Kisha simu yako ikalia, ukaenda Belfast kukutana na watu wako. Sina la kuongeza juu ya hilo.

Kura ya kuukubali au kuukataa mkataba wa amani tumepiga. Niliusoma mkataba wote, waliuleta kila nyumba. Wafungwa wa pande zote watatoka, hilo limeandikwa mahali pake na tarehe yake. Nikatafuta watu kama Fergal. Kuna mistari michache juu ya waathirika, mizuri, ungeweza kuiimba.

Hazel alipiga Hapana. Mimi nilipiga Ndiyo. Nilikaa kwenye kile kibanda cha kupigia kura muda mrefu hadi msimamizi akakohoa. Nilipiga Ndiyo kwa sababu ya wasichana wale wa kwenye maboneti, ambao sasa wana watoto, na sitaki yeyote kati yao aje kuwa mimi. Hazel aliponiuliza nikamwambia ukweli. Akasema, "Basi umewasamehe kwa niaba yangu pia," akakata simu. Siku ya kuzaliwa kwa Fergal ilikuwa jana, hakupiga.

Dympna


Keady
18 Aprili 1999

Fintan,

Mzima? Rosaleen mzima? Mimi nipo.

Jumanne Malachy alikuja hapa nyumbani. Sasa ni mheshimiwa, ana dereva, akamwacha barabarani na gari. Nilikuwa nanyonyoa kuku. Nikamwambia, "Kama ni kura nimekwisha piga." Hakucheka. Akaomba kuketi, nikamwonyesha kiti.

Alisema Vijana wamefanya uchunguzi wao wenyewe. Alisema hivyo, uchunguzi, kama aliyepotelewa na miwani. Akasema Fergal aliuawa usiku uleule, na kwamba yuko ng'ambo ya mpaka, Monaghan, kwenye kinamasi. Nikamuuliza aliwapa polisi nini. Akatazama kofia yake. "Hakuwapa kitu. Tulikosea." Miaka ishirini, Fintan, na neno lenyewe fupi namna hiyo.

Nikaendelea kunyonyoa kuku, maana mikono ilitaka kazi. Nikamuuliza mbona anasema leo. Akasema sasa sheria inapitishwa, atakayeonyesha mahali hashtakiwi kwa atakachosema. Nikamwambia, "Ungeweza kuniambia bila sheria. Mimi si polisi." Ndipo akaniangalia kwa mshangao wa kweli, na huyu mtu siku hizi hashangai ovyo.

"Kwani Fintan hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

Akataka kusimama. Nikamwambia, "Kaa hapo, Malachy. Umekwisha anza."

Basi akasema. Mwaka ule alipokuja kwenu na viza yake, ulimuuliza. Mlikuwa wawili tu, kwenye lifti na baadaye chumbani kwake. Akakujibu kwamba yuko mtu mmoja aliyekuwapo, anapajua mahali penyewe hata akifumbwa macho, na kwamba angeweza kumleta. Na wewe, Malachy anasema, ulikaa kitandani ukafikiri, kisha ukamwambia, "Acha kwanza. Likitoka gazetini leo, viza inafutwa na mezani hamfiki. Sainini kwanza."

Nikamuuliza yule mtu yuko wapi. Akasema saratani ilimchukua majira ya baridi, mwaka juzi. Kwa hiyo waliobaki wanakumbuka kinamasi, na njia ya kuingilia, na kwamba palikuwa na mti. Serikali ya kule imepanda msonobari eneo zima tangu wakati huo.

Nilimfungulia mlango akatoka. Kuku nilimpa mbwa.

Nataka kusikia kutoka kwako, si kwa simu. Andika.

Dympna


Woodside
2 Mei 1999

Dada,

Ni kweli. Yote aliyosema ni kweli.

Nimeandika karatasi nyingi nikazichana, kwa sababu kila moja ilikuwa inajitetea. Hii nayo itajitetea, sina nyingine. Ulikuwa mwezi wa Februari. Nusu ya wakubwa wa Washington walikuwa wanatafuta sababu moja tu ya kumrudisha Malachy uwanja wa ndege. Mwili wa kijana asiye na kosa, umechimbuliwa wiki ileile na mama yake amesimama kando, hiyo ingetosha na kubaki. Asingeketi. Wenzake wa huko nyumbani waliokuwa wanasema mazungumzo ni mtego wangesema, mnaona? Na vita vingeendelea. Nilipima, Dada. Upande mmoja niliweka mifupa ya mpwa wangu, niliyembeba begani kwenda kutazama mbio za farasi. Upande wa pili niliweka watoto ambao bado hawajafa. Ningefanya nini?

Wapo leo. Huwaoni, kwa sababu aliye hai hatangazwi, lakini wapo, wanakwenda shule. Wewe mwenyewe umewapigia kura.

Kuhusu yule mtu, sikujua ni mgonjwa. Nilidhani muda upo. Hilo ndilo linaloniamsha.

Acha nije. Nitakuja Juni wakianza kuchimba, nitasimama nawe. Nitachimba kwa mkono nikiruhusiwa.

Fintan


Keady
29 Agosti 1999

Fintan,

Nimeletewa zile barua zako tatu, nazijibu hapa zote. Afya yangu ni nzuri. Kanisa wameliezeka upya.

Umefanya vema kutokuja nilipokukataza. Walichimba Juni yote na nusu ya Julai. Walianza kwa kukata misonobari, kisha wakaleta mashine zinazonyonya maji, kisha matingatinga ya kukwangua ule udongo mweusi tabaka kwa tabaka, na vijana wawili wa polisi wa kule ng'ambo ya mpaka wakiuchambua kwa reki. Walikuwa wapole. Waliniwekea kiti na mwavuli. Malachy alileta watu wake mara mbili, mmoja akaonyesha huku, mwingine akaonyesha kule, wakabishana mbele yangu ule mti ulikuwa upande gani wa njia. Walipata mifupa ya ng'ombe wa zamani, na kiatu cha mwanamke. Mvua ilinyesha, shimo likajaa, wakanyonya, likajaa.

Siku moja Hazel alikuja. Aliacha gari mbali akatembea. Hatukutajiana kura. Alikaa kwenye nyasi karibu na kiti changu, akamimina chai, akasema, "Angekuwa na miaka arobaini. Angekuwa ameanza upara, kama baba yake." Tukacheka, watu wa reki wakageuka kututazama. Sasa tunapigiana simu tena.

Katikati ya Julai mkubwa wao alinijia amevua kofia kabla hajafika. Hawakumpata. Wamesawazisha udongo na kuondoka.

Sasa lile swali lako. Umeliuliza katika kila barua: ungefanya nini? Waandishi wa magazeti nao waliniuliza pale kinamasini, kama ningekubali amani ikosekane ili Fergal apatikane. Niliwafukuza, lakini wewe nitakujibu.

Nimelifikiria majira yote haya ya joto, nimekaa kwenye kile kiti. Kama mwaka ule ungenyanyua simu ukaniambia, Dada, amekiri, mahali panajulikana, lakini tukimchimbua sasa watu hawatafika mezani na wengine watakufa, ningelia, ningekutukana. Kisha ningekwambia subiri. Ningemwambia Malachy mwenyewe amwandikishe yule mtu mahali penyewe kwenye karatasi, aifungie, nami ningekaa miaka minne na mdomo wangu umefungwa, nikijua. Nimekaa kumi na mitano bila kujua, ningeshindwa vipi minne? Mama angekufa akijua.

Mliita kila mtu chumbani. Mliwaita wenye mabomu na waliowapa fedha za kuyanunua, mkawabembeleza walipotoka, mkawarudisha, mkasema amani haiji kwa kumwacha mtu nje. Na ulisema kweli, hilo nakukubalia hadi leo. Ulikuwa umekaa juu ya kitanda cha hoteli, unapima mwanangu, na namba yangu unaijua kwa kichwa.

Hukuniuliza, Fintan.

Dympna